Kioski Kilichofuata Saa ya Yerusalemu

Kioski chetu cha maji kilifuata saa ya Yerusalemu kuanzia baada ya Pasaka mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, na kwa muda huo wote hakuna mtu aliyelalamika. Hilo nataka lijulikane kwanza. Watu wakisikia habari hii huanza kucheka kabla sijafika katikati, kama vile sisi wa Kyuso hatuna akili. Maji yalikuja saa moja asubuhi, yakafungwa saa tatu, yakarudi saa kumi jioni. Ni wangapi wanaoweza kusema hivyo juu ya mfereji wao?

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kuchelewa sipendi, na ndiyo sababu wanawake walinichagua. Kabla ya mtambo wa kadi, kioski kilikuwa na mtu wa kukifungua, naye alifungua akimaliza chai. Chai ya mtu huyo ilikuwa haiishi. Ndipo mradi wa maji ukatuletea kadi. Unagusisha kadi yako kwenye mfereji, maji yanatoka. Ndani ya stoo, juu ya meza, kuna kisanduku cheusi kinachovuma kama mzinga wa nyuki, kina kioo chake na kibodi. Kinaitwa seva. Hicho ndicho kinachojua kadi ni ya nani na mifereji ifunguliwe saa ngapi. Masaa yaliwekwa ili kisima kipate kujaa tena, na ili mtu asinyweshe ng'ombe mchana kutwa wengine wakiangalia.

Seva ina neno la siri, nasi tuliligawa vipande vitatu. Hiyo ni kawaida yetu. Sanduku la chama cha akina mama lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, ili mtu mmoja asije akalifungua peke yake siku akiwa na shida. Kwa hivyo fundi wa mtambo aliposema habari ya neno la siri, hatukuhitaji kufikiri. Kipande cha kwanza changu, cha pili cha mzee wa kanisa, cha tatu cha mwekahazina, mwanamke anayeuza ndengu sokoni na ambaye haamini mtu yeyote, hata mimi. Fundi alisema hajaona jambo kama hilo tangu aanze kazi. Nilimwambia bado ni mdogo, ataona.

Fundi mwenyewe ni mwanamke wa Kitui mjini, anakuja kwa pikipiki yake amevaa suruali. Juu ya suruali nilimwambia mara moja, hakusikia, tukaendelea na kazi.

Shida ilianza pole pole. Saa ya seva ilikuwa ikichelewa, leo kidogo, kesho kidogo zaidi, na mawingu yalipokaa siku mbili sola ikazima, ikachanganyikiwa kabisa. Fundi akaja, akaketi, akabonyezabonyeza.

"Susu," akaniambia, maana ananiita nyanya kwa Kikamba, "hii seva haiulizi mtu yeyote saa. Inajihesabia peke yake."

"Iulize nani?"

"Kuna mitambo mingine kwenye mtandao. Nitaifungulia iwe inaiuliza kila mara, ikipotea inajirekebisha."

"Na hiyo mitambo inauliza nani?"

"Wakubwa wake."

"Na hao wakubwa?"

"Juu kabisa kuna saa ambazo hazikosei."

Mzee wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Amina."

Basi akaifungulia, akaenda zake. Kesho yake maji yakaja saa nne, jua likiwa limeshakaa kichwani. Jioni yakaja saa moja ya usiku, wanawake wakijikwaa kwa mitungi. Nilimpigia fundi simu kwa maneno ambayo sitayaandika. Akarudi.

"Sasa saa iko sawa kabisa," akasema.

"Sawa ya wapi?"

"Ya dunia. Hupimwa kutoka kule London."

Uhuru ulinikuta nimebebwa mgongoni, mama yangu alinisimulia jinsi watu walivyocheza mpaka vumbi likaingia kwa uji. Na hapa, ndani ya stoo ambayo ufunguo wake ninao mimi, kulikuwa na kitu bado kinaamka na Waingereza.

"Kitoe huko," nikamwambia.

"Ni rahisi, Susu. Tunakiambia kiko mji gani tu. Kuna orodha."

"Kitui iko?"

"Haiko."

"Mwingi?"

"Haiko."

"Machakos? Wazungu walikaa Machakos."

"Haiko, Susu. Yetu ni Nairobi."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu, kwa sababu watu walikuwa wamejaa mlangoni na mzee wa kanisa alikuwa amesimama pale tena.

"Mchanga wa mito yetu unapakiwa lori, unaenda Nairobi," akasema. "Makaa yanaenda Nairobi. Ndengu inaenda Nairobi. Mtoto akimaliza shule, Nairobi. Sasa hata saa iende?"

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, maana hakusema uongo.

"Mzee, saa haiendi popote," fundi akasema. "Ni jina tu la kuchagua."

"Kama ni jina tu, tuchague basi."

Fundi akageuza kioo. Mzee akavaa miwani, akawa anasoma kwa sauti ile ya kusomea kanisani: Addis Ababa, Dar es Salaam, Kampala. Orodha ilikuwa ndefu, inaenda ikipanda. Halafu akavua miwani, akaipangusa na shati, akaivaa tena.

"Yerusalemu imo," akasema.

Sijui kama unawajua watu wa kwetu. Ukiwaambia Yerusalemu imo, huwezi tena kuwarudisha Nairobi. Mwanamke mmoja aliuliza kama Bethlehemu pia imo. Fundi akatafuta, haikuwamo.

Tulipiga kura ya mlolongo, kila mji umesimamiwa na mtu na watu wanapanga foleni nyuma yake. Mwekahazina alikuwa Nairobi, kwa sababu wanunuzi wake wa ndengu wako huko na hataki kukosana nao. Mzee wa kanisa alikuwa Yerusalemu. Jirani yangu mmoja ambaye zamani aliendesha lori mpaka Moyale akataka kuwa Addis Ababa, na hatukuweza kumkataza. Nyuma yake alisimama mkewe tu, naye alikuwa akiangalia mstari wa Yerusalemu kwa hamu. Mstari wa Yerusalemu ulizunguka tangi.

Mimi kabla ya kusimama nilimwuliza fundi, "Saa yao na yetu ni moja?"

"Sasa hivi ni sawasawa."

"Maji yatakuja saa moja?"

"Sasa hivi, ndiyo, Susu."

Nikaenda mstari wa Yerusalemu. Ningeulizwa leo na majibu ni hayo hayo, ningeenda tena.

Maji yakaja saa moja. Yakaja hivyo wakati wa mvua ya mwezi wa nne, wakati wa kuvuna, na wakati wa ukame wote wa katikati. Mzee wa kanisa alikuwa akipita hapo asubuhi, anaangalia mfereji kama mtu aliyeujenga.

Sasa mjukuu wangu wa kiume, yule ninayeishi naye, alikuwa amepata msichana wa Nunguni. Nunguni ni kule juu Makueni, kwenye baridi na ukungu, parachichi zinaanguka zenyewe na maji yanapita karibu na jikoni. Msichana ana adabu, anafanya kazi kwa mikono, sikuwa na neno. Lakini mama yake alikuwa na neno. Alikuwa amesikia kwamba huku kwetu mwanamke huamka na punda na kurudi na punda. Akasema mtoto wake hakuzaliwa ili aje kufuata mkia wa punda Kyuso, na kabla mbuzi za ntheo hazijapelekwa kwake kufunga uchumba, atakuja aone maji kwa macho yake. Asipoyaona, tusijisumbue na mbuzi.

Mjukuu wangu alikonda. Sahani alikuwa akiirudisha na muthokoi wake, mahindi ya kukoboa na maharagwe, vile nilivyompakulia.

Mama huyo alikuja Jumamosi, mwishoni mwa mwezi wa kumi, wakati ule tunapoangalia mawingu na mawingu yanatuangalia. Alishuka Kyuso kwenye jua la mchana amevaa sweta ya sufu, na hakuivua. Mwanamke mrefu, amenyooka. Tulipeana mkono.

"Maji huja?" akaniuliza, bado ameshika mkono wangu.

"Huja."

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Sisi kwetu pia kuna watu husema kila siku," akasema, akauachilia.

Kwa mila yetu hangelala nyumbani kwangu kabla mbuzi hazijaenda kwake, kwa hivyo alilala kwa mzee wa kanisa. Asubuhi ya Jumapili nilimkuta tayari kwenye foleni, ameazima ndoo, sweta mwilini. Foleni ilikuwa ndefu maana watu walitaka kuoga na kupika kabla ya ibada. Mjukuu wangu alisimama mbali kidogo, karibu na ua, amevaa shati nzuri.

Saa moja ikafika. Nilijua kwa simu yangu na kwa redio ya nyumba ya pili iliyokuwa imeanza kusoma habari. Wa kwanza akagusisha kadi. Mfereji ukalia tii, ukawasha taa nyekundu. Akagusisha tena. Nyekundu. Nikampa kadi yangu mimi mwenyekiti. Nyekundu.

Mama wa Nunguni alipindua ndoo yake akaikalia.

Nilimpigia fundi. Alikuwa kanisani kwake Kitui, nikasikia waimbaji, halafu nikasikia akitoka nje.

"Susu, seva inaonyesha saa ngapi?"

Nikaingia stoo, nikaangalia. "Inaonyesha saa kumi na mbili imepita kidogo. Imerudi nyuma saa nzima. Si ulisema inauliza wakubwa?"

Akahesabu tarehe, kisha akasema, "Leo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi."

"Hiyo najua, niko na nguo za kanisa."

"Leo Yerusalemu wamerudisha saa nyuma. Huwa wanafanya hivyo baridi ikikaribia, na kiangazi wanaisukuma mbele tena."

"Nani anarudisha?"

"Serikali yao."

"Na sisi hatukuambiwa?"

"Seva iliambiwa, Susu. Ndiyo maana imefuata."

Simu yangu ina sauti kubwa. Watu wote walisikia, na mama wa Nunguni akasikia. Akainuka kutoka kwa ndoo, jasho linamtiririka kwa shingo.

"Mwaitu," akaniita kwa heshima yote, mama, "nielewe vizuri. Hapa hakuna maji kwa sababu Yerusalemu kuna baridi?"

Nilimwambia ndiyo.

Niliangalia kule uani. Mjukuu wangu alikuwa ameketi chini na shati yake nzuri.

Sasa mtu angefikiri kazi ni kubadilisha tu. Lakini jambo lililopitishwa kwa mlolongo haliwezi kuondolewa na mwenyekiti peke yake, hata akiwa amekasirika, na mzee wa kanisa hakutaka liondolewe.

"Yerusalemu haijakosa," akasema. "Ni majira. Mwezi wa tatu itarudi sawa."

"Tungoje maji mpaka mwezi wa tatu?" mwekahazina akamwuliza.

"Si maji, ni saa moja tu. Ibrahimu alingoja miaka mingapi?"

"Ibrahimu alikuwa na watumishi wa kumchotea! Kubali, mzee, Yerusalemu yako imetuhama."

Nikasema tupige mlolongo mwingine, haraka. Watu wakakataa kuacha nafasi zao kwenye foleni ya maji. Kwa hivyo kura ikapigwa kwa mitungi. Ukitaka Nairobi unasukuma mtungi wako upande wa tangi, ukitaka Yerusalemu unauacha ulipo. Mitungi ikaanza kukokotwa. Mama wa Nunguni akachukua ndoo yake, akaipeleka upande wa tangi.

Mwekahazina akaiondoa. "Wewe si wa hapa."

Akairudisha. "Nina ndoo hapa."

"Ndoo ni ya mzee wa kanisa!"

"Basi mzee amepigia Nairobi kura," akasema, na watu wakacheka mpaka mzee mwenyewe akageuka kando.

Sikuihesabu ndoo hiyo. Nairobi ilishinda bila yake.

Kisha tukaingia stoo, sisi watatu wa neno la siri, na simu juu ya meza ili fundi atuongoze. Tatizo likawa macho. Mzee alisahau miwani nyumbani. Mimi nikiangalia kioo siioni kibodi, nikiangalia kibodi nimesahau kioo. Mama wa Nunguni, ambaye husomea watoto Biblia kwenye shule ya Jumapili kwao, akasogea mlangoni akasema yeye anaona vizuri.

"Hawezi kugusa," mwekahazina akasema. "Bado si muthoni, si mkwe wetu. Mbuzi imeenda? Haijaenda."

"Sitagusa," akasema. "Nitasoma tu."

Nikakubali asome. Fundi akataja herufi moja moja kutoka Kitui, mimi nikibonyeza, yeye akiangalia.

"Umebonyeza mbili," akaniambia.

"Nimebonyeza moja."

"Ziko mbili pale."

"Basi imejiongeza."

"Haijiongezi, Mwaitu, futa."

Nikafuta. Tulipofika kwenye ule mstari unaolala kama fimbo iliyoegemezwa ukutani, kati ya jina la bara na la mji, tuliutafuta sana, na yeye ndiye aliyeuona. Tukamaliza. Kioo kikataka neno la siri.

Mwekahazina akamfukuza mgeni mpaka nje, akatuamuru sisi wengine tutazame ukuta zamu kwa zamu. Mimi nikaandika kipande changu, na hakuna kilichoonekana. Fundi alituambia tusishangae, neno la siri halionyeshi hata nukta. Mzee akaandika chake. Hakuona kitu, akafikiri hakikuingia, akaandika tena. Mwekahazina akamalizia. Kioo kikasema samahani, jaribu tena.

"Kina adabu lakini," mama wa Nunguni akasema kutoka nje baada ya fundi kututafsiria.

Tukarudia, mzee akaandika mara moja, nimemsimamia na uso ukutani. Mama akaitwa aingie asome.

"Imekataa," akasema. "Inasema mji huo haiujui."

Mzee wa kanisa akainua mikono yote miwili. "Hata seva imeikataa Nairobi!"

"Mmeandika na herufi ndogo," fundi akasema kwenye simu. "Ni jina la mji, Susu, linaanza na kubwa."

"Nilikwambia kubwa," mama wa Nunguni akaniambia.

"Hukuniambia."

"Nilikwambia kwa ile ya kwanza, ya bara."

"Ile ya kwanza niliweka. Hii hukusema."

"Mtu anahitaji kuambiwa Nairobi inaanza na kubwa?"

Niliweka kubwa. Nikabonyeza ile ya kumalizia. Kioo hakikusema kitu chochote.

"Imefanya," fundi akasema.

"Mbona imenyamaza?"

"Ikifanya vizuri hunyamaza. Husema ukikosea tu."

Hapo niliipenda ile seva kwa mara ya kwanza tangu iletwe. Na kabla sijasimama tulisikia bomba likikohoa nje, likakohoa tena, na kelele za wanawake. Saa ilikuwa imeruka mbele, ikajikuta imechelewa kazini.

Tulitoka. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye mtungi wa kwanza, taa ni kijani. Mjukuu wangu alikuwa amesimama. Mama wa Nunguni akaenda akachukua ndoo yake upande wa tangi, na watu wakampisha, hata mwekahazina akampisha ingawa alitoa sauti kwa meno. Nikamgusishia kadi yangu. Akakinga kiganja kwanza, akaonja, akaweka ndoo.

"Ina chumvi kidogo," akasema.

"Ni ya kisima."

"Mmm." Akaangalia maji yakipanda. Kisha akavua ile sweta, akaikunja, akaiweka begani. "Na mkitaka kubadilisha mji tena, mtaniuliza?"

"Tukuulize kwa nini? Wewe ni wa Nunguni."

"Kwa sababu nitakuwa na mtoto hapa."

Alisema hivyo akiangalia ndoo, hakuniangalia. Kule uani mjukuu wangu alikuwa ananitazama mdomo, ajue nimeambiwa nini. Nilimwambia mama yule ndoo imejaa, aisogeze, kuna watu nyuma yake.